Barua pepe zinazoingia zina herufi ndogo mno: nipange wapi ili zikae kubwa?

karani_wa_malipo

Habari za kazi wadau. Nina jambo limenisumbua wiki tatu sasa, na juzi limenitia aibu ofisini, kwa hiyo nimeona nije niulize.

Kazi yangu ni kupokea barua pepe za malipo, kuzilinganisha na daftari na kuandaa stakabadhi. Siku ya kawaida nasoma hamsini, sitini. Nina miaka 53, miwani ninayo, na maandishi ya kwenye karatasi nayasoma bila taabu. Tatizo ni skrini. Nafungua barua moja, herufi ni za kutosha. Nafungua inayofuata, herufi zimekuwa kama sisimizi waliojipanga. Ya tatu ina aya ya juu kubwa na aya ya chini ndogo. Zote ziko kwenye programu ile ile, kompyuta ile ile, kiti kile kile.

La juzi ni hili. Ilikuja barua ya mstari mmoja: "Wateja watatu wamelipwa tofauti yao leo asubuhi." Mimi nikasoma *wamelipa*. Ile w iliyobanwa katikati ya p na a sikuiona kabisa. Nikaandaa stakabadhi tatu za kupokea fedha, nikazituma kwa watu ambao sisi ndio tuliowarudishia fedha. Mmoja wao akapiga simu kuuliza kama anatakiwa kuzirudisha. Nilipoifungua tena ile barua nilisogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa kioo, ndipo nikaiona ile w.

Nimejaribu kurekebisha mwenyewe. Niliingia kwenye mipangilio, nikakuta mahali pa kuchagua fonti na saizi, nikaweka kubwa, nikafunga. Kesho yake mwenzangu akaniuliza kwa upole mbona siku hizi namwandikia kwa maherufi makubwa namna ile, kuna lililoniudhi? Kumbe zilizokua ni barua ninazotuma mimi. Zinazoingia ziko vile vile.

Natumia programu ya barua pepe ya Thunderbird kwenye Windows. Najua ukibonyeza Ctrl pamoja na alama ya kujumlisha maandishi yanakua, na Ctrl na sifuri yanarudi. Lakini hiyo ni ya kutuliza tu. Siwezi kubonyeza barua baada ya barua siku nzima. Nataka nipange mara moja, ikae. Je, inawezekana? Na kwa nini barua zitofautiane hivi?

fundi_kibodi

Shikamoo mama, na pole kwa hayo yaliyokupata. Inawezekana, ila mahali pake pamejificha kidogo.

Kwanza tuondoe mkanganyiko. Ulichobadilisha ni fonti ya kuandikia, iko kwenye sehemu ya "Composition". Ile inaongoza unachotuma tu. Irudishe kama ilivyokuwa ili mwenzako apate amani. Fonti ya kusomea ina mlango wake.

Fungua "Settings", ingia "General", shuka hadi kwenye "Language & Appearance". Utaona habari za fonti na kitufe kilichoandikwa "Advanced". Kama toleo lako limepangwa tofauti usihangaike kutafuta kwa macho: juu ya ukurasa wa mipangilio kuna kisanduku cha kutafutia, andika neno Fonts, kitakupeleka.

Ukibofya "Advanced" linafunguka dirisha dogo. Tulia hapo, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapogeukia njiani wakidhani wamemaliza. Juu kabisa kuna orodha inayoitwa "Fonts for". Utakuta imekaa kwenye "Latin". Ukipandisha saizi pale na kufunga, baadhi ya barua zitakua na nyingine zitabaki. Sababu ni kwamba kila barua pepe hubeba ndani yake maelezo ya namna herufi zake zilivyosimbwa. Nyingi za siku hizi huja kwa UTF-8, usimbaji mmoja unaobeba herufi za lugha zote, na Thunderbird inaweza kuzihesabu chini ya kundi jingine kwenye orodha hiyo hiyo, "Other Writing Systems", hata kama zimeandikwa Kiswahili kitupu. Kwa hiyo panga "Latin", kisha badilisha orodha iende "Other Writing Systems", upange tena namba zile zile. Mara mbili. Usiruke.

Ndani ya kila kundi kuna namba tatu za kuangalia. "Proportional" ndiyo saizi ya maandishi ya kawaida. "Monospace" ni ya ile fonti ambayo kila herufi ina upana sawa kama ya taipureta, na barua zisizo na mapambo yoyote mara nyingi huonyeshwa kwa hiyo. Namba yake huwa ndogo kuliko ile ya kwanza, ndiyo maana barua za mstari mmoja kama hiyo yako ya wateja watatu hutokea kuwa ndogo kuliko nyingine zote. Ya tatu ni "Minimum font size". Hiyo ni sakafu: unaiambia programu hata mtumaji aagize herufi ndogo kiasi gani, usishuke chini ya hapa.

Anza na 18, 18 na sakafu ya 15. Tumia siku mbili ndipo uongeze au upunguze.

Chini ya dirisha hilo hilo kuna kisanduku cha tiki, "Allow messages to use other fonts". Ukiondoa tiki, barua zote zitavaa fonti uliyoichagua wewe, si aliyoitaka mtumaji. Mimi nimeiondoa tangu zamani. Barua za matangazo zinapoteza urembo kidogo. Kwangu si hasara.

karani_wa_malipo

Marahaba mwanangu, na asante sana kwa kunielekeza hatua kwa hatua. Nimefanya sasa hivi, makundi yote mawili. Ilivyo ni kama ulivyosema: kwenye "Latin" yangu "Monospace" ilikuwa 13 huku "Proportional" ikiwa 16. Nilikuwa sijui hata kwamba ziko mbili.

Barua za wenzangu zote zimekaa vizuri. Yamebaki mawili. Orodha ya barua upande wa juu, yaani majina ya watumaji na vichwa vya habari, bado ni ndogo ingawa barua yenyewe imekua. Na kuna ofisi moja tunayofanya nayo kazi ambayo taarifa zake za kila Jumatatu hazikubali kabisa. Nimeweka sakafu hadi 20, hazijatikisika hata kidogo.

fundi_kibodi

Orodha ni rahisi. Bofya ile menyu ya mistari mitatu juu kulia, kuna "Font Size" yenye alama ya kutoa na kujumlisha. Hiyo inakuza vitu vya programu yenyewe: majina, folda, menyu. Hapo karibu kuna pia "Density", ambayo inaachanisha mistari ya orodha ili jicho lisiruke kutoka mtumaji mmoja hadi mwingine. Chagua ile iliyolegea zaidi.

Hizo za Jumatatu, hebu jaribu kuburuta kipanya juu ya sentensi kama unataka kuinakili. Neno moja moja linajipaka rangi, au kitu kizima kinajipaka kwa pamoja?

karani_wa_malipo

Kizima kwa pamoja. Kama picha.

mtuma_taarifa

Ni picha kweli, mama. Samahani kwa kuingilia, lakini hapo naweza kusaidia kwa sababu mimi niko upande wa pili: kazi yangu ni kutengeneza hizo taarifa za wiki zinazotumwa kwa mamia ya watu, na kwa miaka nilikuwa nafanya kosa hilo hilo.

Kuna barua za aina mbili, na tofauti yake inajibu swali lako la kwanza, kwa nini hazifanani. Barua ya maandishi matupu haibebi saizi yoyote. Ni herufi tu, na programu ya msomaji ndiyo inayoamua zivae nini. Barua ya HTML ni kama ukurasa wa tovuti uliofungwa ndani ya bahasha: mtumaji ameandika humo "aya hii iwe pikseli 12, ile iwe 18", pikseli ikiwa kipimo cha ukubwa kwenye skrini. Kwa miaka ya mwanzo barua pepe zote zilikuwa maandishi matupu. Ilipofika 1992 ndipo ukatoka utaratibu wa MIME, na tangu hapo barua moja ikaweza kubeba picha, viambatisho na baadaye HTML. Barua nyingi sasa zinabeba sura zote mbili kwa pamoja, na programu inachagua ipi ikuonyeshe.

Sasa, mtumaji anayeagiza pikseli 11 huwa ameketi mbele ya skrini yake kubwa na kwake inaonekana nadhifu. Mimi nilikuwa hivyo. Kingine kinachotuponza ni vipimo: kwenye programu ya kuandikia nyaraka umezoea pointi, na pointi 12 ni sawa na pikseli 16. Mtu anaandika 12 akidhani ni ile 12 yake ya siku zote, kumbe ameandika pikseli, na herufi zimepungua kwa robo. Siku hizi siandiki aya yoyote chini ya pikseli 16.

Picha ni jambo jingine tena. Sakafu ya fonti haiwezi kuigusa kwa sababu ndani ya picha hakuna fonti, kuna vidoa vya rangi tu. Utaikuza kwa Ctrl na kujumlisha, ila kadiri inavyokua ndivyo inavyofifia kingo. Na mtu asiyeona kabisa, anayesomewa na programu ya sauti, hapati chochote humo isipokuwa mtumaji ameweka maelezo ya picha. Kanuni za WCAG za mwaka 2008, yaani miongozo ya kimataifa ya kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, zinataka maandishi yaweze kukuzwa hadi asilimia 200 bila kupoteza maana, na zinataka maandishi yawe maandishi, si picha yake. Ziliandikwa kwa ajili ya tovuti, lakini mimi nazifuata kwenye barua.

Ushauri wangu: waandikie. Usilalamike, waombe tu. "Naomba taarifa ya Jumatatu mniwekee na maandishi yake chini ya picha, macho yangu hayaisomi vizuri." Mimi nilibadilika kwa sababu msomaji mmoja aliniandikia sentensi kama hiyo. Hakuna aliyekuwa ameniambia kabla yake.

karani_wa_malipo

Nitawaandikia leo. Sikuwahi kufikiria kwamba ninaweza kuomba. Nilidhani shida ni yangu.

msahihishaji

Nimesoma mazungumzo haya yote na nimeguswa na ile w, kwa sababu mimi nasahihisha maandishi kwa kazi na Kiswahili kina ukatili huo: herufi moja tu inabeba nani kafanya na nani kafanyiwa. Amepiga na amepigwa. Ameita na ameitwa. Jicho halikagui kila herufi kwa makini, mara nyingi linakisia neno, na likizoea kukutana na *wamelipa* mara ishirini kwa siku litakupa *wamelipa* hata pale ilipoandikwa vingine. Kwa hiyo dada usijilaumu.

Ukubwa peke yake hautoshi, angalia na umbo la fonti. Kuna fonti ambazo kwa namba ile ile, tuseme 16, herufi zake ndogo ni fupi na zimebanana, na nyingine zimepanuka. Verdana ilichorwa na Matthew Carter kwa ajili ya Microsoft, ikatolewa 1996, na ilikusudiwa skrini tangu mwanzo: herufi zake ndogo ni ndefu, zimeachana, na tarakimu moja, L ndogo na I kubwa hazifanani. Imo tayari kwenye Windows, huhitaji kupakua. Nyingine ni Atkinson Hyperlegible ya Braille Institute ya Marekani, ilitoka 2019 na ni ya bure. Hiyo wameichora makusudi kwa watu wenye uoni hafifu, kila herufi ijitenge na ndugu zake. Jaribu kuandika *wamelipwa* kwa fonti yako ya sasa kisha kwa mojawapo ya hizi, saizi ile ile, uone w inavyopata nafasi yake ya kupumua. Fanya hivyo na tarakimu 3, 8 na 6 pia, maana kwa kazi yako hizo ni hatari kuliko herufi.

Halafu punguza upana wa dirisha. Ukikuza herufi na kuacha mstari utambae kutoka ukingo hadi ukingo, jicho linapotea likirudi kuanza mstari mpya. Mimi naliburuta dirisha hadi mstari uwe na maneno kumi na kitu.

La mwisho nalisema kwa heshima. Miwani yako ilipimwa lini, na kwa umbali gani? Kuanzia miaka ya arobaini lenzi ya jicho inakuwa ngumu na kuona kwa karibu kunapungua, hilo ni la kila binadamu na linaendelea taratibu. Miwani ya kusomea mara nyingi inapimwa kwa umbali wa kitabu mkononi. Skrini iko mbali zaidi ya hapo. Mimi nilikaa na miwani isiyo ya umbali wangu muda mrefu, nikiinamia meza hadi shingo ikauma, kabla ya kumwambia daktari wa macho kwamba kazi yangu ni ya kompyuta. Alinipima upya kwa umbali wa mkono ulionyooshwa. Pima umbali wako kwa rula kabla ya kwenda, umtajie.

fundi_kibodi

Hilo la miwani ni kweli tupu. Na mkisikia mtu anawashauri mpunguze rizolusheni ya skrini, yaani idadi ya vidoa vinavyounda picha yake, ili vitu viwe vikubwa, msimsikilize. Vitakuwa vikubwa lakini vyenye ukungu, na macho yatachoka zaidi. Kama mnataka kila kitu kikue, kwenye mipangilio ya skrini ya Windows kuna kipimo cha ukubwa, pandisha kutoka asilimia 100 hadi 125. Herufi zinakua zikiwa bado kali.

mpita_njia

Samahani, sisi wa Gmail na Outlook je? Na kwenye simu?

fundi_kibodi

Gmail ya kwenye kompyuta: ile "Default text style" usidanganyike nayo, ni ya unachoandika, ni mtego ule ule alioangukia mama. Cha kusomea utakuza kwa kivinjari, Ctrl na kujumlisha hadi 125 au 150, na Chrome au Firefox vitakumbuka kwa tovuti hiyo peke yake, kwingine kunabaki kawaida.

Outlook ile ya zamani ya kompyuta, angalia chini kulia kuna asilimia. Ibofye namba yenyewe, usiburute kile kitelezi, litafunguka dirisha lenye kisanduku cha "Remember my preference". Weka tiki, la sivyo kila barua itakurudisha mwanzo. Barua za maandishi matupu zina mahali pake, kwenye "Stationery and Fonts".

Simu: iPhone ni kwenye mipangilio ya simu yenyewe, "Display & Brightness" halafu "Text Size". Isipotosha nenda "Accessibility" kuna saizi kubwa zaidi. Android nayo iko kwenye mipangilio ya skrini. Na barua ya HTML ikikataa, vidole viwili vipo: vitanue juu ya kioo uikuze.

karani_wa_malipo

Narudi baada ya siku nne kuwapa mrejesho, nisije nikawa mtu wa kuchukua msaada na kupotea.

Nimetulia kwenye Verdana 17 kwa zote mbili, sakafu 15. Ile 18 ilikuwa kubwa kidogo kwa jedwali za malipo, safu ya mwisho ilikuwa inasukumwa nje. Tiki ya fonti za watumaji nimeiondoa. Orodha nimeilegeza. Fonti ya kuandikia nimeirudisha, na nimemweleza mwenzangu kwamba sikuwa na hasira naye.

Umbali nimepima kwa rula: sentimita 64 kutoka jichoni hadi kwenye kioo. Sikujua niko mbali kiasi hicho. Nimeiandika kwenye karatasi, naenda kupimwa wiki ijayo.

Ile ofisi ya Jumatatu niliwaandikia kama mtuma_taarifa alivyonifundisha, karibu neno kwa neno. Waliojibu walisema hawakujua. Taarifa ya juzi imekuja na picha yao ile ile, na chini yake maandishi yote yameandikwa upya, aya nne, yananakilika.

Leo asubuhi nimeifungua tena ile barua ya wateja watatu, niione tu. Nimeegemea kiti, mgongo umenyooka. *Wamelipwa.* Ile w ipo, naiona kutoka hapa nilipo.